Viboko Ishirini na Wanne, Si Vinne

Ukiambiwa kwamba Chama cha Kiswahili cha shule hii kiliwapa wageni viboko ishirini na vinne mbele ya Mwalimu Mkuu, bila shaka utashtuka. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, sasa chama chetu kimeirudisha lini? Haya basi, tuliza moyo. Hiyo ndiyo hasara ya kutozijua ngeli. Viboko vinne ni fimbo. Viboko wanne ni wanyama. Wetu ni wa ngeli ya A-WA, japo ni wa udongo, na walitolewa kama zawadi katika shindano la mjadala na ushairi tulilowaandalia majirani zetu Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na wengi, wanafunzi kwa walimu: "Mliwatengenezaje hao viboko hata wakafanana hivyo?" Wengine wanaamini kabisa kwamba tuliwanunua mjini. Mhariri ameniomba niandike, nami kwa kuwa ndiye niliyesimamia kalibu, nimekubali. Nitaeleza kazi ilivyokwenda, na pia nitagusia ule ubishi uliozuka chamani kuhusu jina la nani liandikwe chini ya tumbo la kiboko. Ubishi huo haukuwa mdogo.

Tuanze na maneno, maana hili ni jarida la Kiswahili. Katika mkutano wa kwanza mwenzetu mmoja alidai kuwa kazi hii haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili, ati lugha yetu haina msamiati wake. Wacha! Kifaa cha kutilia kitu ili kipate umbo huitwa kalibu. Kumimina kitu cha majimaji ndani ya kalibu kigande ni kusubu, neno ambalo wahunzi wamelitumia kwa madini yaliyoyeyushwa. Tanuri la kuchomea vyombo vya udongo ni joko. Ule unga mweupe wa kutengenezea kalibu, ambao mafundi wa dari mtaani huuita jipsamu, ni jasi. Kitu kimoja tu ndicho tulicholazimika kukitafutia jina: udongo uliolainishwa hadi ukamiminika. Mmoja akapendekeza "tope", lakini tope ni la njiani. Tukauita uji, kwa sababu unafanana sana na uji wetu wa asubuhi, isipokuwa huu wa udongo ukichujwa vizuri hauna madonge.

Kwa nini kalibu? Sababu ilikuwa hesabu tu. Zawadi zilihitajika 24, na siku zilizobaki zilikuwa chini ya majuma sita. Msanii wetu, kijana wa kidato cha pili ambaye hapendi jina lake litangazwe, humaliza sanamu moja ya mnyama kwa siku nne, tena akiwa hana zamu ya kuosha bweni. Zidisha mwenyewe. Vikombe vya plastiki vya dukani vilikataliwa na wanachama kwa kauli moja, kwani kila shule inavyo, na rangi yake ya dhahabu huambukuka kabla muhula haujaisha. Ndipo Mwalimu wetu wa Sanaa akatuambia: mwacheni kijana afinyange mmoja, mmoja tu, lakini amfinyange vyema, hao wengine watazaliwa na kalibu. Yule wa kwanza tukamwita Mama.

Sasa sikiza, maana hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Jasi ikiganda ni ngumu kama jiwe. Haipindi wala hainyooki. Mahali popote ambapo umbo limejikunja na kujificha nyuma yake lenyewe, jasi itaingia, itaganda na itanasa. Chukua chungu cha kawaida chenye tumbo pana na kitako chembamba. Ukikizungushia jasi chote kwa kipande kimoja, hakitatoka humo hadi uvunje kimojawapo, chungu au kalibu. Lakini kalibu hiyo ukiigawa vipande viwili, kushoto na kulia, kila kipande kitajivuta upande wake na chungu kitabaki kimesimama salama. Kwa hivyo anayefinyanga Mama hana budi kumtazama mnyama kwa macho mawili: jicho la msanii, na jicho la yule atakayeivuta kalibu.

Mchoro wa kwanza wa msanii wetu ulionyesha kiboko aliyesimama wima, kinywa wazi kama pango, meno nje. Ulikuwa mchoro wa kupendeza. Lakini hebu uhesabu mitego yake: nyuma ya kila jino, ndani ya kinywa, baina ya miguu minne, chini ya tumbo, nyuma ya masikio. Kiboko yule angehitaji kalibu ya vipande vingi sana, na kila mahali vipande vinapokutana huacha mshono wa kukwanguliwa. Tulikaa chini tukazungumza. Nilimwambia, kaka, wewe umefinyanga na mimi ndiye nitakayevuta. Mwishowe tukakubaliana juu ya kiboko aliyelala, kinywa kimefungwa, miguu imekunjwa na kushikana na tumbo, masikio yamelazwa kichwani. Nafasi kati ya mguu na tumbo haikuchimbwa. Ilionyeshwa kwa mfuo tu. Jicho la mtazamaji hujaza lililobaki.

Kuna jaribio rahisi ambalo ningependa kila mfinyanzi alijue. Mweke mnyama mezani gizani, kisha mmulike kwa tochi kutoka upande ule ule ambao kipande cha kalibu kitavutwa. Palipo na mwanga patatoka. Palipo na kivuli patanasa. Sisi tulimmulika Mama ubavu wa kushoto, tukammulika wa kulia, na kila kivuli tulichokiona tulikijaza udongo hadi kikatoweka. Mstari unaotenganisha pande hizo mbili ulipita puani, ukapanda katikati ya paji la uso, ukafuata uti wa mgongo hadi mkiani, ukarudi chini ya tumbo. Huo ndio mpaka wa vipande viwili vya kalibu yetu.

Jambo jingine: kumwona mnyama mwenyewe. Sisi tulio karibu na Ziwa Viktoria hatuna udhuru. Msanii wetu alikwenda Dunga jioni mbili, akarudi na jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliwaza: macho, masikio na matundu ya pua ya kiboko yote yako juu ya kichwa, karibu kwenye mstari mmoja, ili azame mwili mzima huku akipumua, akiona na kusikia. Picha za vitabuni aghalabu humpa macho ya ng'ombe, pembeni mwa uso. Na si vitabu vyetu tu. Mwaka wa 1515 mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alichora kifaru aliyepelekwa Lisbon, Ureno, kutoka Bara Hindi. Hakuwahi kumwona, alitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akampa pembe ndogo ya pili juu ya bega, pembe ambayo hakuna kifaru duniani aliye nayo. Zaidi ya miaka 200 baadaye, wachongaji wa kiwanda cha kauri cha Meissen, Ujerumani, walipoagizwa na mtawala wao wanyama wakubwa wa kupamba jumba lake mjini Dresden, walimfuata Dürer, na ile pembe ya begani ikaingia kwenye kauri. Kalibu haisahihishi. Kosa la Mama hurithiwa na watoto wote.

Haya, jasi sasa. Jasi ni jiwe la ardhini, na hapa Kenya huchimbwa sehemu kadhaa, Kajiado ikiwemo, hasa kwa ajili ya viwanda vya saruji. Jiwe hilo lina maji yaliyofungwa ndani yake. Likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Unga ukirudishiwa maji huyadaka tena, ukaota fuwele ndogondogo kama sindano zilizosokotana, na hapo ndipo unapokuwa mgumu. Baina ya sindano hizo hubaki vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ndivyo vinavyonyonya maji ya uji, na bila kunyonya hakuna kusubu. Kwa hivyo usidanganyike na ule unga wa kuziba nyufa za dari, hata kama ni wa bei rahisi. Umetiwa gundi na dawa nyingine. Utaganda, ndiyo, lakini hautanyonya vile unavyotaka.

Kipimo chetu kilikuwa lita moja ya maji kwa kilo 1.4 za unga. Unga ndio unaotiwa majini, si maji ungani. Unanyunyizwa pole pole kama anayesonga uji wa mtoto, unaachwa dakika mbili ulowe, kisha unakorogwa taratibu bila kuingiza hewa. Mama alilazwa ubavu kwenye godoro la udongo laini hadi kwenye ule mstari wa mpaka. Tukamzungushia mbao nne, nyufa tukaziziba kwa udongo, na penye tumbo tukaweka kipande cha udongo chenye umbo la faneli ili pawe mdomo wa kumiminia uji. Jasi ikamwagwa hadi ikamfunika kwa kina cha sentimita nne. Baada ya nusu saa hivi kipande cha kwanza kilikuwa tayari. Tukakipindua pamoja na Mama ndani yake, tukaondoa lile godoro, tukachimba vishimo vitatu vya duara ukingoni kwa kijiko ili vipande vipate kushikana sawasawa, kisha tukapaka sabuni ya maji mara tatu. Sabuni hii usiisahau. Jasi mpya hushikamana na jasi ya zamani kabisa kabisa, na ukimimina kipande cha pili bila sabuni utapata jiwe moja lenye kiboko tumboni, usiweze kumtoa milele.

Nisimame kidogo kwa onyo, na hili nalisema bila mzaha. Jasi inapoganda hutoa joto. Kidogo mkononi huhisi kama chai ya vuguvugu, lakini ikiwa nyingi na imekuzunguka, huunguza. Mwaka wa 2007, huko Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono yake ndani ya ndoo ya jasi shuleni ili apate kalibu ya mikono yake. Jasi ikaganda, mikono haikutoka, na joto likamwunguza vibaya hata akapoteza karibu vidole vyote. Karibu vyote, msomaji. Alikuwa mwanafunzi kama wewe na mimi, darasani, akifanya kazi ya shule. Kwa hiyo katika karakana yetu sheria ni moja: mkono haukai ndani ya jasi, na mtu hatiwi jasi mwilini, hata kwa utani. Mabaki yake vilevile hayamwagwi kwenye sinki, kwani yataganda ndani ya bomba na bwana mkubwa wa shule atataka kujua ni nani. Na vumbi la udongo mkavu halifagiliwi. Hupigwa deki kwa kitambaa chenye maji, kwa maana vumbi hilo lina silika ambayo ikivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu.

Kalibu mpya imejaa maji, hivyo hungoja. Zetu mbili, maana tulimtumia Mama mara mbili kabla hajaharibika, zilikauka kwa siku nane kivulini penye upepo. Namna ya kujua? Ipime kwa mizani kila jioni. Siku uzito usipopungua tena, imekauka. Kama huna mizani, iweke shavuni. Ikiwa baridi, bado ina maji. Usiiweke karibu na moto mkali ukidhani unaharakisha: ikipita nyuzi 50 au 60 itaanza kurudi unga, na wewe urudi dukani.

Wakati kalibu zinakauka tulipika uji. Udongo ulitoka kijijini kwa nyanya yangu, ambaye ni mfinyanzi wa vyungu. Tuliukausha, tukauponda, tukaupitisha kwenye chekeche. Ukiuchanganya na maji pekee hadi umiminike, utahitaji maji mengi mno, na maji mengi maana yake ni sanamu inayonywea sana, inayopasuka, na kalibu iliyolowa kabla ya kazi kuisha. Dawa yake ni silikati ya sodiamu, ile ambayo watengenezaji wa sabuni hununua kwenye maduka ya kemikali. Chembe za udongo ni vibamba vyembamba mno vinavyovutana kwa umeme mdogo vilivyo nao, hata vikajenga kitu kama nyumba ya karata. Ndiyo maana udongo husimama. Silikati huvifanya vyote vichukie jirani, kila kimoja kikisukuma mwenzake, basi nyumba ya karata huanguka na udongo hutiririka kwa maji machache. Wazungu waligundua namna hii ya kusubu udongo mwishoni mwa karne ya 19.

Kilo 10 za udongo mkavu, lita 4 za maji, gramu 30 za silikati. Kidogo, sivyo? Tena gramu hizo hutiwa kwa awamu, huku ukikoroga, kwa sababu zikizidi uji hugeuka ukawa mzito upya, na hapo hata ukiongeza nyingine hakuna litakalosaidia. Jaza chombo cha lita moja, ukipime. Lita moja ya maji ni gramu 1,000. Lita ya uji mzuri ni kati ya gramu 1,750 na 1,800. Sisi tulianza kwa kikombe, si kwa ndoo, kwa vile kila udongo una tabia zake.

Kusubu kwenyewe ni furaha tupu, na ni kazi fupi. Vipande viwili hufungwa pamoja kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Uji hutiwa kwa mfululizo mmoja, bila kusita, la sivyo mwili wa kiboko utapata mistari kama ya pundamilia. Papo hapo jasi huanza kunyonya. Uji unaogusa ukuta wa kalibu hupoteza maji na kuwa ngozi ngumu. Wa katikati hubaki majimaji. Utaona mdomoni uji unashuka, nawe unaongeza. Baada ya dakika 15 hadi 20 ngozi hufikia milimita tano. Hapo kalibu hupinduliwa juu ya ndoo, taratibu, ili hewa ipate kupita, ukiipindua ghafla utasikia "gubu!" na hewa itavuta ngozi ile laini hadi ijikunje ndani. Uji uliobaki hurudi ndooni kwa kiboko anayefuata. Kinachobaki kalibuni ni kiboko mwenye uwazi tumboni, mwepesi, mwenye kila mfuo aliouweka msanii, hata alama ya kidole chake kwenye shingo.

Halafu ungoje tena. Saa moja na nusu, mbili, kutegemea jua. Udongo ukipungua kidogo hujitenga na jasi wenyewe, na kalibu hufunguka bila kulazimishwa. Mwenzetu mmoja, ambaye pupa yake inajulikana bweni zima, alifungua dakika arobaini tu zikiwa zimepita, na nusu ya kiboko ikabaki kushoto na nusu kulia. Tulimzika ndooni, akawa uji tena. Hiyo ni raha ya udongo mbichi. Anayetoka salama hukwanguliwa mshono wake kwa kisu, hupanguswa kwa sponji, na ule mdomo wa kumiminia huachwa uwe tundu chini ya tumbo. Kila kalibu ilitupa viboko wawili kwa siku. Zaidi ya hapo ilikuwa imeshiba maji na ngozi haikuwa ikijenga.

Sasa ule ubishi. Uliiva katika lile juma la kukausha, wakati hakuna la kufanya ila kuvitazama viumbe vilivyofunikwa magazeti kwenye rafu. Katibu alisema kila zawadi lazima iwe na jina la aliyeitengeneza. Sawa. Lakini ni nani aliyeitengeneza? Kalibu nilitengeneza mimi. Uji ulipikwa na wasichana watatu wa kidato cha kwanza, tena ndiyo kazi iliyokuwa nzito kuliko zote. Wamiminaji walikuwa sita. Mwanachama mmoja, bingwa wa mjadala, alisimama akasema kwamba kitu cha kalibu hakina mwenyewe, ni nakala tu, kama karatasi ya fotokopi, na wala si sanaa. Jina la shule latosha. Msanii wetu alikuwa amekaa nyuma. Hakusema neno. Huyu ni mtu ambaye hata kwenye mjadala wa darasa hawezi kufungua kinywa, na sasa wenye vinywa walikuwa wanaamua kama kazi yake ni yake.

Mimi niliomba nafasi. Nilisema kwanza kuhusu nyanya yangu, kwa vile wengi waliounga mkono hoja ile walitoa mfano wa wafinyanzi wetu wa kike wa kijijini, ati wao hawana kalibu, kila chungu ni cha mkono. Nimekaa kando ya nyanya miaka mingi. Kitako cha chungu yeye hukianzia ndani ya kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, ambacho hukipa duara lake na kukizungushia. Kigae kile ni nini kama si kalibu? Na hakuna mtu kijijini aliyewahi kusema vyungu vyake si vyake. Lililo lake ni lile ambalo kigae hakiwezi kulijua: tumbo liishie wapi, shingo iinuke vipi. Vivyo hivyo kalibu yangu haijui kiboko ni nini. Inajua tu alichokifanya kijana yule.

Pili niliwakumbusha Meissen. Sanamu za kiwanda kile huwa na alama ya panga mbili zilizopishana, alama ya kiwanda. Jina la mchongaji halipo. Mkuu wa wachongaji wao, Johann Joachim Kändler, aliyeajiriwa mwaka wa 1731, tunajua ni sanamu zipi alizochonga kwa sababu aliandika ripoti za kazi yake mwezi baada ya mwezi, na ripoti hizo zikahifadhiwa. Wale waliokanda, waliojaza kalibu na waliokwangua mishono hatuwajui. Basi, nikasema, sisi ni chama cha lugha. Tukishindwa kuandika majina, nani ataandika?

Mwalimu mlezi hakutoa hukumu. Aliuliza tu kama udongo bado ulikuwa unakubali kuandikwa. Ulikubali, kwa ncha ya msumari. Ikaamuliwa hivi: chini ya kila tumbo, herufi mbili za msanii upande wa kichwa; upande wa mkia, herufi za yule aliyemmimina na kumkwangua kiboko huyo. Bingwa wetu wa mjadala alipiga kura ya kupinga, na mpaka leo anapinga, nami namheshimu kwa hilo. Majina ya wote kumi na mmoja, wapika uji wakiwemo, yamo kwenye kumbukumbu za mkutano huo, na anayetaka anaweza kuyasoma.

Kuhusu moto nitakuwa mfupi. Joko letu ni la matofali na hutumia kuni. Watu husema sanamu hupasuka jokoni kwa sababu ya hewa iliyofungiwa ndani. Tundu la tumboni ni muhimu, ndiyo, lakini mwuaji mkubwa ni maji. Udongo unaoonekana mkavu bado una unyevu, na unyevu ukifika nyuzi 100 huwa mvuke unaotafuta njia kwa nguvu. Kwa sababu hiyo saa tano za kwanza moto ulikuwa mdogo kama wa kuchoma mahindi. Baadaye ukakolezwa hadi ndani ya joko pakawa na rangi ya chungwa lililoiva, karibu nyuzi 1,000. Halafu likazibwa, na likaachwa usiku kucha na mchana uliofuata. Kila mtu alitaka kuchungulia. Ufunguo wa karakana alikuwa nao Mwalimu, na hiyo ndiyo iliyotuokoa, kwani udongo wenye moto ukipigwa na upepo baridi huatuka.

Tulikuwa tumesubu 27, kwa tahadhari. Wawili walipasuka mkiani, mmoja akapata ufa shavuni. Wakabaki 24 barabara, rangi ya kahawia nyekundu, kila mmoja sentimita 20. Mama alikuwa na 22. Hilo halikutushangaza, kwa vile tulikuwa tumechora mstari wa sentimita 10 kwenye kibamba cha udongo ule ule, tukakichoma kwa majaribio, na mstari ukarudi na sentimita 9.1. Anayetaka mnyama wa kipimo fulani afanye jaribio hilo kabla ya kumfinyanga Mama.

Hatukuwapaka ngozi ya kioo. Ingehitaji moto wa pili na dawa tusizokuwa nazo, na pia ingejaza ile mifuo ya shingoni. Sisikitiki hata kidogo.

Kalibu zote mbili ziko kwenye rafu ya juu ya karakana, zimefungwa kwa mipira yake ili zisipindike, pamoja na yule mwenye ufa shavuni. Kalibu huchakaa, kingo za macho zitaanza kufifia baada ya viboko wengine hamsini hivi, labda zaidi kidogo. Anayetaka kuzitumia muhula ujao amwone Mwalimu wa Sanaa, ajiandikishe kwenye daftari, na alete udongo wake mwenyewe uliopondwa na kuchekechwa. Chekeche la shule limetoboka.